Ndiyo Kwanza Nashika Filimbi: Nisikilize Nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Chumbageni, Tanga. Mjomba wangu alirudi kutoka Ujerumani akaniletea filimbi ya chuma, ile inayoshikwa kwa ubavu. Mwalimu niliyempata hapa mjini ni mpiga klarineti. Ameanza kunionyesha vidole, na ameniambia nisikilize sana filimbi ya klasiki, ila hakunitajia kipande hata kimoja. Nikitafuta mtandaoni naletewa video za saa nane za maji ya mto na ndege. Nianze na kipi? Nimfuate mpigaji gani? Kusikiliza kwa simu kunatosha? Na bibi yangu kila akinisikia nimefungulia anauliza ni kiongozi gani amefariki, maana anasema huo ni muziki wa redioni siku za maombolezo.

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongera. Mjomba amekufanyia jambo kubwa.

Hizo video za saa nane tuziondoe njiani mapema, maana zimewapotezea watu wengi bando. Nyingi hazina uhusiano wowote na muziki unaoutafuta. Ukitega sikio utakuta ni bansuri, yaani filimbi ya mwanzi ya Kihindi, au filimbi za wenyeji wa asili wa Marekani, au kinanda cha umeme kilichotegwa sauti ya filimbi kisha kikamwagiwa mvua juu yake. Bansuri ni ala ya heshima na ina mabingwa wake, lakini ina njia zake, nazo si za chombo ulichoshika wewe. Kipimo changu ni hiki: kama maelezo ya video hayataji mtunzi, hayataji kipande, wala hayamtaji mpigaji, pita. Kwenye muziki wa klasiki mambo hayo matatu huandikwa karibu mara zote, na ndiyo utakayoyaandika unapotafuta. Ndiyo maana majina hapa chini nimeyaacha na tahajia yake ya kigeni. Yanakili hivyohivyo.

Sasa, kabla sijataja kipande chochote. Wanafunzi wanaonijia hapa Bagamoyo karibu wote husikiliza vidole. Wakimwona mtu anazikimbiza noti mpaka macho yanashindwa kumfuata, basi huyo ndiye bingwa. Mimi nakuomba usikilize pumzi. Filimbi na mdogo wake pikolo hazina tete, kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni, kama klarineti ya mwalimu wako au zumari, wala hazina kikombe cha mdomo kama tarumbeta. Hewa inatoka kati ya midomo, inavuka upenyo mdogo, inagonga ukingo wa tundu, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Ni jambo lilelile ulilolifanya utotoni ulipopuliza chupa tupu ya soda. Hewa nyingine inaingia ndani, nyingine inapotea nje bure. Mpiga obo, ala nyingine ya tete, hupata shida ya hewa kumbakia kifuani, mpiga filimbi hupata shida ya hewa kumwishia. Kwa hiyo mtunzi anayeijua filimbi na mpigaji anayeijua filimbi wote wawili wanapiga hesabu ileile moja: wapi tutavuta pumzi bila kuuvunja wimbo. Wewe unayeanza, hesabu hiyo ndiyo ya kuiibia mabingwa. Vidole vitakuja vyenyewe kwa mazoezi.

Ndiyo maana nakupeleka kwanza kwenye vipande vya polepole na vifupi.

Cha kwanza ni cha Christoph Willibald Gluck, kutoka katika opera yake, yaani mchezo wa kuimbwa, ya Orpheus. Hadithi ni ya kale ya Wagiriki: mwanamuziki amefiwa na mkewe siku za mwanzo kabisa za ndoa, anaamua kumfuata kuzimu kwenda kumdai. Opera ilionyeshwa Vienna mwaka 1762, kisha Gluck akaitengeneza upya kwa ajili ya Paris mwaka 1774, na ni katika toleo hilo la Paris ndipo alipoongeza solo ya filimbi, pale Orpheus anapofika kwenye bustani za roho njema. Andika “Gluck Dance of the Blessed Spirits flute” na utapata rekodi tele. Kipande kizima ni kama dakika sita au saba. Kinaanza na minueti, dansi tulivu ya F meja (ngazi yenye uchangamfu), filimbi zikienda pamoja na fidla. Kisha kunaingia giza la D maina (ngazi yenye huzuni), fidla zinajitoa nyuma na kubaki kusukuma chinichini, na filimbi moja inasimama peke yake kuomboleza. Baadaye minueti inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo katikati kaa napo. Mara ya kwanza usifanye lolote, sikiliza tu. Mara ya pili, kila mpigaji anapovuta pumzi nawe vuta, na usivute tena mpaka avute yeye. Utashangaa jinsi kifua kitakavyokubana. Mara ya tatu angalia amevutia wapi: utakuta ni pale ambapo msemaji angeweka mkato au nukta, na kabla ya pumzi ile ameipunguza sauti kidogo ili usistuke inapokatika. Halafu tafuta mpigaji mwingine wa kipande hichohicho ulinganishe. Anaweza kuwa amevuta mahali pengine kabisa, na papo hapo sentensi ikabadilika maana.

Kwa jambo hili sisi watu wa mwambao tuna walimu karibu kuliko tunavyodhani. Marcel Moyse, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1984, mmoja wa walimu wakubwa wa filimbi wa karne iliyopita, aliwapa wanafunzi wake nyimbo za waimbaji wa opera wazipige kwa filimbi, ili wajifunze kuimba kabla ya kupiga. Wewe opera huna, lakini una taarabu. Msikilize marehemu Bi Shakila, aliyeimba na vikundi vya hukohuko kwenu Tanga: mshororo unafika mwisho mzima mzima, ndipo anavuta. Na ukikutana na nai, filimbi ya mwanzi, kwenye taarabu ya Unguja ya fidla na kanuni (ala ya nyuzi), simama usikilize, maana ni jamaa wa karibu wa filimbi yako. Nayo haina tete. Nayo inaishi kwa hewa inayogonga ukingo.

Baada ya Gluck nenda kwa Georges Bizet. Katika opera yake ya Carmen ya mwaka 1875 kuna kipande cha okestra kinachopigwa kabla ya sehemu ya tatu. Tafuta “Carmen Entr'acte Act 3”. Ni filimbi juu ya kinubi, hakifiki hata dakika tatu, na lahani yake ukiisikia asubuhi utaipiga mluzi mpaka jioni. Ongeza na minueti ya L'Arlésienne, iliyo katika suti (mkusanyiko wa vipande) ya pili, ile ambayo rafiki yake Guiraud aliipanga mwaka 1879 baada ya Bizet kufariki. Hapo pia ni filimbi na kinubi, ila ngazi zinapanda juu zaidi na pumzi inahitajika zaidi. Mimi kati ya viwili hivyo nachagua Carmen, lakini wanafunzi wangu karibu wote wanapenda minueti, basi sibishani nao.

Mfaransa mwingine wa kumweka hapa ni Gabriel Fauré na Sicilienne yake. Wengi wanaijua kwa chelo na piano, lakini katika muziki aliouandika mwaka 1898 kwa ajili ya mchezo wa Pelléas et Mélisande lahani hiyo aliipa filimbi, kinubi kikiisindikiza. Inabembea kwa mapigo sita, na ni dawa nzuri kwa mwanafunzi mwenye haraka.

Bibi yako hajakosea sana. Wengi wetu muziki wa okestra tuliusikia kwa mara ya kwanza redioni siku ambazo vipindi vya kawaida vimekatizwa, na tukaondoka na imani kwamba Wazungu hawana muziki wa furaha. Usimjibu kwa maneno. Mfungulie Badinerie ya Johann Sebastian Bach, kipande cha mwisho katika Suti namba 2 ya okestra, BWV 1067 (namba yake katika orodha ya kazi za Bach). Ni dakika moja na nusu ya utani mtupu, filimbi inaruka mbele na fidla zinaihemea nyuma. Akisema anaijua atakuwa anasema kweli, maana ilikuwa mlio mmojawapo katika simu za Nokia za zamani. Pamoja nayo mpigie na konserto (kazi ya mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra) ya Antonio Vivaldi iitwayo Il gardellino, iliyochapishwa Amsterdam mwishoni mwa miaka ya 1720. Gardellino ni ndege mdogo wa Ulaya mwenye uso mwekundu, na filimbi inamwigiza waziwazi. Mtoto wa chekechea ataelewa. Wewe lakini usiishie kwenye mlio wa ndege. Subiri sehemu ya katikati, ile ya polepole, ambapo fidla zote zinanyamaza na filimbi inabaki na besi tu. Kule mwanzoni mpigaji anaweza kujificha nyuma ya manjonjo. Hapa hana pa kujificha.

Nikupe tahadhari kuhusu muziki wa enzi hizo. Filimbi ya chuma uliyoishika umbo lake lilikamilishwa na Theobald Boehm wa Munich mwaka 1847. Bach na Vivaldi hawakuiona. Wao waliandikia filimbi ya mti yenye matundu sita na kibonyezo kimoja tu, na leo wako wapigaji wanaoirudisha filimbi hiyo. Barthold Kuijken wa Ubelgiji ndiye ninayempenda kuliko wote. Sauti yake ni ndogo, ina ukungu kidogo, na kila noti ina rangi yake. Sasa basi, rekodi nyingi za namna hiyo zimelinganishwa chini ya sauti tunayoitumia leo, noti ya A ikiwa mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440, yaani karibu nusu toni. Ukichukua filimbi yako ujaribu kupiga pamoja na rekodi hiyo utajisikia uko juu kila noti, na utaanza kuvuta kichwa cha filimbi nje mpaka kikutoke mkononi. Filimbi yako ni nzima. Zima rekodi, tafuta ya mtu anayepiga filimbi ya chuma.

Nimekwishamtaja Bach kwa Badinerie, lakini kipande chake ninachotaka ukae nacho miaka ni kingine: Partita ya A maina ya filimbi pekee, BWV 1013. Hakuna piano, hakuna fidla, hakuna mtu mwingine chumbani. Sehemu ni nne, zote kwa majina ya dansi: Allemande, Corrente, Sarabande na Bourrée angloise. Usizisikilize zote kwa mkupuo. Anza na Sarabande, ya tatu, kwa sababu ni ya polepole na inakusubiri uelewe.

Kisha, baada ya wiki kadhaa, Allemande. Hapo ndipo penye kisa. Kuanzia mwanzo hadi mwisho ni noti za haraka zilizofuatana bila pengo. Hakuna kituo, hakuna noti ndefu, hakuna pahali ambapo Bach ameandika kwamba mpigaji naye ni kiumbe anayehitaji hewa. Ungedhani iliandikiwa fidla. Na baada ya yote hayo noti ya mwisho kabisa ni A ya juu sana, ambayo kwa filimbi ya mti ya wakati ule ilikuwa mtihani wa peke yake. Hati ya mkono wa Bach haijabaki, iliyobaki ni nakala ya wanakili, kwa hiyo hatuna wa kumuuliza. Kila mpigaji lazima aamue mwenyewe: noti ipi niifupishe niibe pumzi, wapi nichelewe kidogo msikilizaji adhani ni madaha kumbe nahema. Chukua rekodi tatu za Allemande hiyo, ushike penseli, na kila unaposikia pumzi weka alama kwenye noti. Hazitalingana. Nimewafanyisha zoezi hilo wanafunzi wengi, na hakuna lingine ninalolijua linalofundisha mengi kwa kukaa tu kwenye kiti.

Utaniuliza: si wapiga zumari wetu wanapuliza bila kukata, mashavu yamevimba, huku wanavuta hewa kwa pua? Kweli, na ukienda kwenye ngoma ya zumari utaliona jambo hilo mbele ya macho yako. Mtu mwenye tete ana kitu cha kuizuia hewa, kwa hiyo mashavu yana nafasi ya kufanya kazi wakati pua inavuta. Kwenye filimbi hewa haizuiwi na kitu, ndiyo maana ufundi huo ni mgumu zaidi na wapigaji wachache ndio wanaoutumia. Sharon Bezaly, mzaliwa wa Israel, anajulikana kwa hilo. Msikilize kwa mshangao, halafu urudi kwa wanaovuta pumzi kama wewe. Kwangu mimi Allemande isiyo na pumzi hata moja inanichosha. Nabaki na hamu ya mtu aheme.

Mozart unaweza kushangaa kwamba nimemchelewesha. Kila orodha utakayoikuta inaanza na konserto zake, ile ya G meja, K. 313, na ya D meja, K. 314 (K. ni namba katika orodha ya kazi zake). Ni kazi nzuri, lakini ya G meja ni kama dakika ishirini na tano, na masikio ya anayeanza hupotea katikati. Isitoshe Mozart mwenyewe, mwaka 1778, akiwa ameagizwa kazi za filimbi na mteja huko Mannheim, alimwandikia baba yake barua akilalamika kwamba anachoka kuandikia ala asiyoipenda. Watu wameipiga sana kelele barua ile. Mimi nadhani alikuwa kijana aliyechelewesha kazi ya watu na anatafuta sababu ya kumwambia baba, kwa sababu mwaka huohuo alipofika Paris aliandika konserto ya filimbi na kinubi, K. 299, kwa ajili ya mtemi mmoja wa Guînes aliyepiga filimbi na binti yake aliyepiga kinubi, na sehemu yake ya pili, Andantino, haikuandikwa na mtu aliyeichukia filimbi. Chukua hiyo sehemu ya pili tu. Nyingine ziache zikusubiri.

Sasa Claude Debussy, mtunzi mwingine wa Kifaransa, na hapa utanivumilia.

Mwaka 1894, Desemba, Paris, okestra ilianza kipande kipya kiitwacho Prélude à l'après-midi d'un faune. Okestra nzima iko jukwaani na hakuna anayepiga ila filimbi moja. Aliyepuliza siku ile alikuwa kijana wa miaka 18, Georges Barrère. Noti ya kwanza ni C shapu ya katikati. Ichukue filimbi yako uipige sasa hivi: vidole karibu vyote viko hewani, filimbi nzima iko wazi, na sauti inatoka nyepesi, tepetevu, isiyojua iegemee wapi. Mwalimu yeyote atakwambia hiyo ni noti ya kuhangaika nayo. Debussy anaianzia kipande chake hapohapo, polepole, kisha lahani inateleza chini mpaka G na kupanda tena, mara mbili, kabla haijafunguka. Hakuna anayekuhesabia, hakuna ngoma, hujui hata mapigo yako wapi. Wapigaji wa okestra huulizwa kipande hiki kwenye usaili wa kazi, na swali lililofichwa ndani yake ni lilelile la pumzi: je, utafika mwisho wa sentensi kwa pumzi moja, na ukifika, utafika ukiwa mzima au ukiwa unazama? Kipande chote ni dakika kumi hivi. Ukishindwa kukisikiliza chote, sikiliza hizo sekunde za mwanzo kila siku kabla hujaanza mazoezi yako ya noti ndefu, uipe C shapu yako mfano wa kuufuata.

Ukiikubali hiyo, tafuta Syrinx yake, ya mwaka 1913, filimbi pekee, dakika tatu. Aliiandika ipigwe nyuma ya pazia katika mchezo wa jukwaani, watazamaji wasikie filimbi wasimwone mpigaji, na ilichapishwa mwaka 1927, Debussy akiwa amekwishafariki. Isikilize usiku, watu wamelala. Noti zake za chini ndizo za kujifunzia, kwa kuwa wanafunzi hudhani chini ni kwa kupuliza nguvu, kumbe ni kwa kuitega midomo.

Vya karne ya ishirini vilivyobaki nitavipita haraka. Sonata ya Francis Poulenc ya mwaka 1957 utaipenda, anza na sehemu ya pili, Cantilena. Sonata ya Prokofiev ya mwaka 1943 ni kubwa, iache mwakani. Kuna kipande kiitwacho Density 21.5 ambacho Edgard Varèse alimwandikia Barrère yuleyule, sasa mtu mzima huko New York, alipopata filimbi ya platinamu. Namba hiyo ni ya uzito wa madini yenyewe. Ni cha mwaka 1936 na bado kinawakimbiza watu chumbani. Usikiguse kwa sasa, nisije nikalaumiwa na mjomba.

Kuhusu wapigaji. Jean-Pierre Rampal wa Marseille, aliyefariki mwaka 2000, ndiye wa kuanza naye. Ndiye aliyeipiga sonata ile ya Poulenc kwa mara ya kwanza, Poulenc mwenyewe akiwa kwenye piano, na ana rekodi nyingi kiasi kwamba karibu kila nilichokitaja utampata humo. Sauti yake ina jua. Emmanuel Pahud, Mswisi aliyeingia okestra ya Berlin Philharmonic mwaka 1993, ni wa kumsikiliza unapotaka kuelewa jinsi kila noti inavyoanza na kuisha. Hakuna kinachoanguka chini. James Galway wa Belfast, aliyekuwa okestra hiyohiyo ya Berlin kati ya mwaka 1969 na 1975, watu watakusukumia sana, na ana haki ya sifa zake. Ila sauti yake ina mtikisiko mpana, ile vibrato, na wanaoanza humwiga mtikisiko kabla hawana sauti ya kutikisa. Mpaka uweze kuishika noti moja imenyooka kwa hesabu ya kumi, Galway awe wa kustarehe naye.

Simu inatosha, lakini spika yake haitoshi. Noti ya chini kabisa ya filimbi yako iko karibu mitetemo 262 kwa sekunde, na spika ya simu inaifikisha hiyo, ingawa kwa udhaifu. Kinachopotea zaidi ni vilivyo chini yake: chelo, besi, mkono wa kushoto wa piano. Ukimsikiliza Vivaldi hivyo, ile sehemu ya polepole niliyokusifia utasikia nusu yake tu, na nusu iliyokosekana ndiyo inayoeleza kwa nini filimbi imeegemea noti fulani. Vaa hedifoni, hata za bei ya chini za Ngamiani. Na kama kuna namna ya kupakua sauti bila picha, ipakue: sauti ya ubora wa kawaida inakula kama MB moja kwa dakika, kwa hiyo Syrinx haifiki hata MB nne, na Gluck ukimpakua mara moja utamsikiliza mwezi mzima bila kugusa bando.

Kipande kimoja kwa wiki mbili kinatosha. Najua utakuwa na hamu ya kumaliza orodha, lakini aliyesikiliza Gluck mara thelathini ananifaa darasani kuliko aliyepitia vipande thelathini mara moja. Watunzi wa zamani niliowataja, Gluck, Bach, Vivaldi, Bizet, noti zao zimo bure katika maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Pakua, weka mbele yako, na kidole kiifuate filimbi hata kama bado husomi vizuri.

Na ukishaisikiliza vya kutosha minueti ya Gluck, ile ya mwanzo ya F meja, unaweza kuanza kuijaribu mwenyewe. Haitaki vidole vya ajabu. Ya katikati subiri mpaka oktava ya pili, yaani noti zako za juu zaidi, itulie. Chukua noti za filimbi na piano. Kama hakuna mpiga piano, mwombe mwalimu wako akupigie sauti ya pili kwa klarineti, ila mkumbushe kwamba klarineti ya B flati hulia toni nzima chini ya kilichoandikwa. Akisoma karatasi yako vilevile ilivyo mtagombana bure. Inabidi azihamishe noti zake toni moja juu, aanzie G meja wakati wewe uko F.